Jina la Asali ni Mali ya Nani?

Mtu akiiba ng'ombe katika nchi ya Hanang, yowe hupigwa, vijana hutoka, na nyayo hufuatwa hata usiku wa manane. Akipatikana huyo ng'ombe hapana ubishi mrefu juu ya mwenyewe, maana chapa ya moto ubavuni au mkato wa sikioni umekwisha kusema. Lakini mtu akitwaa jina ambalo mwenzake amelitumia miaka kumi kuuzia unga, au akachukua nyimbo za kwaya akaziingiza katika flashi na kuziuza mnadani, hapigi mtu yowe. Twasema tu kwamba fulani ni mjanja. Sisi twaona kwamba huo si ujanja, ni wizi ule ule wa ng'ombe, ila ng'ombe mwenyewe haonekani kwa macho. Na wizi huu humwumiza maskini kuliko tajiri, kwa kuwa tajiri anaye wakili wa kumpigia yowe.

Jorodom ipo kando ya Katesh, chini ya Mlima Hanang unaopita mita 3,400 kwa kimo. Nchi hii ilikuwa chini ya Mbulu mpaka Hanang ilipofanywa wilaya ya peke yake, na mwaka 2002 wilaya zote mbili zikatoka Mkoa wa Arusha zikaingia katika Mkoa mpya wa Manyara. Wakazi wake ni Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu, Wanyiramba na wengineo waliofuata ardhi na biashara. Hulima mahindi, ngano, mbaazi, maharage na alizeti, hufuga, hurina asali. Tarehe 3 Desemba, 2023 tope na mawe yalishuka kutoka mlimani, na Jorodom ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa. Watu walikufa, nyumba zikafunikwa, na bidhaa za miaka mingi zikaenda na maji. Walionusurika walianza tena kwa kile ambacho tope halikuweza kukichukua, yaani ufundi wa mikono na jina jema walilokuwa nalo kwa wateja. Ni juu ya mali ya namna hiyo tunayotaka kusema leo.

Wengi wetu hutaja alama ya biashara, hataza na hakimiliki kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Tazama chupa moja ya asali iliyowekwa dukani. Jina lililoandikwa juu yake, pamoja na ile picha ya mzinga ambayo mteja huitambua kwa mbali, vyaweza kuwa alama ya biashara. Picha hiyo, kwa kuwa ilichorwa na mkono wa mchoraji, ina hakimiliki tangu siku ilipochorwa. Ikiwa fundi wa Katesh alibuni mashine mpya ya kukamulia asali, tofauti na zote zilizopata kuwako, mashine hiyo yaweza kupewa hataza. Na asali yenyewe ni mali ya mwenye mzinga, haihitaji karatasi yoyote. Basi katika chupa moja mna mali nne, na yawezekana zikawa za watu wanne.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja wa Jorodom anakusanya asali kwa wafugaji nyuki, anaichuja vizuri, anaipaki na kuibandika jina. Baada ya miaka mitatu asali yake inatafutwa hata Babati na Arusha. Siku moja anaona katika stendi ya mabasi chupa zenye jina lile lile na picha ile ile, ndani yake mna sukari iliyochemshwa. Anakwenda kushitaki, naye anaulizwa cheti. Anatoa leseni ya biashara na cheti cha kusajili jina la biashara, akidhani kwamba amemaliza kazi.

Hapo ndipo wengi huanguka. Cheti cha jina la biashara ni hati ya kuwajulisha watu kwamba duka fulani ni la nani, wapate kujua wa kumdai. Hakimpi mtu haki ya kuwazuia wengine wasitumie jina hilo juu ya bidhaa. Haki hiyo hutolewa na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na huandikwa katika daftari jingine, ingawa ofisi ni ile ile ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Mama huyu asiye na alama iliyosajiliwa hakupotewa na kila kitu, maana mahakama humsikiliza mtu anayelalamika kwamba mwingine anauza bidhaa zake kwa kujifanya kuwa ni yeye. Lakini itambidi athibitishe kwa mashahidi kwamba jina lake lilikwisha kuwa na sifa kwa wateja, na kwamba wateja walidanganyika, na kwamba amepata hasara. Ni safari ndefu kwa mtu mwenye chupa mia mbili za asali. Mwenye cheti cha alama huonyesha cheti, na mzigo wa kujieleza humwangukia yule mwingine.

Namna ya kusajili si ya ajabu. Mwombaji hutafuta kwanza kama alama inayofanana nayo imekwisha kuandikwa. Huchagua kundi la bidhaa zake, kwa kuwa bidhaa na huduma za dunia nzima zimegawanywa katika makundi 45. Asali na unga vimo katika kundi la 30, mafuta ya kula ya alizeti katika la 29, na nafaka ghafi katika la 31. Hupeleka ombi, na Msajili akiridhika hulitangaza katika jarida la serikali, ili mwenye pingamizi ajitokeze katika siku 60. Asipojitokeza mtu, alama huandikwa. Muda wake wa kwanza ni miaka 7, na baada ya hapo huweza kuongezwa miaka 10 kila mara, bila kikomo, maadamu ada inalipwa. Ndiyo maana ziko alama duniani zenye umri kuliko babu zetu.

Lakini si kila neno hukubaliwa. Mtu hawezi kujitwalia neno ambalo kila muuzaji analihitaji. Akiomba jina la Asali Tamu atajibiwa kwamba kila asali hutamaniwa iwe tamu, na neno hilo ni la wote. Akiomba jina la Hanang peke yake ataulizwa kwa haki gani anataka kuuweka mlima mzima katika chupa yake. Alama inayosimama imara ni ile ambayo haielezi kitu chenyewe. Jina la kutunga hutimiza kazi hiyo, na hata picha isiyo ya kawaida, au neno la kawaida lililotiwa juu ya kitu kisichohusiana nalo.

Twaongeza jambo moja ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui mpaka wafike bandarini. Mambo haya si ya Muungano. Alama iliyosajiliwa BRELA hailindwi Zanzibar, na iliyosajiliwa Zanzibar hailindwi Bara. Zanzibar inayo Sheria yake ya Mali za Viwandani ya mwaka 2008 na ofisi yake ya usajili. Anayepeleka mbaazi zake Unguja kwa jina lake hana budi kuomba mara mbili.

Yapo mambo makubwa zaidi ya stendi ya mabasi. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba isajiliwe neno Kikoy kuwa alama yake katika nchi hiyo. Kikoi! Nguo ambayo babu zetu wa pwani waliivaa kabla kampuni hiyo haijazaliwa. Watengenezaji wa Kenya wakishirikiana na marafiki wao wa huko Uingereza waliweka pingamizi, na ombi likaachwa. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajiliwa huko Marekani maneno Hakuna Matata juu ya mavazi, maneno iliyoyatumia katika filamu yake ya mwaka 1994. Mwishoni mwa mwaka 2018 watu wengi walitia sahihi zao kupinga. Hasira yao twaielewa, lakini yafaa tuelewe pia sheria ilisema nini. Usajili ule haukumkataza mtu yeyote kusema hakuna matata, wala kuimba, wala kuandika. Ulihusu fulana na nguo nyingine, tena katika nchi ya Marekani. Haki ya alama hukaa ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa na ndani ya kundi la bidhaa lililoandikwa. Kinachotuuma ni kwamba neno letu limekuwa mtaji wa mwingine, na katika hilo hata sheria nzuri haitoi dawa kama wenye neno wamelala.

Waethiopia hawakulala. Mwaka 2005 serikali yao iliomba huko Marekani kusajili majina ya kahawa zao, Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani walipinga, wakidai kwamba hayo ni majina ya mahali tu. Mzozo ulikuwa mkali, ukaingia magazetini, na mwaka 2007 kampuni ya Starbucks ikatia sahihi mapatano na Ethiopia ya kuyatambua majina hayo. Mkulima aliyekuwa akiuza gunia lisilo na jina alianza kuuza gunia lenye jina. Sasa twauliza: kitunguu saumu cha Mbulu, kinachotajwa kwa jina lake katika masoko ya mbali, kinalindwa na nani? Zanzibar, katika sheria yake ya mwaka 2008, imeweka sehemu inayohusu bidhaa zinazojulikana kwa mahali zitokapo, na karafuu yake ina faida ya kungoja hapo. Huku kwetu mzigo hauna budi kubebwa na wakulima wenyewe kupitia ushirika wao.

Tuje kwenye hataza, ambayo ndiyo inayotisha watu kuliko zote. Katika zama za utawala wa Waingereza hapa Tanganyika hapakuwa na njia ya fundi wa nchi hii kupata hataza hapa hapa nyumbani. Iliyoandikwa hapa ilikuwa hataza iliyokwisha kutolewa Uingereza; kwanza uende kwao, kisha urudi kuomba muhuri. Hali hiyo iliendelea baada ya uhuru, mpaka Sheria ya Hataza ya mwaka 1987 ilipochukua nafasi yake. Twalitaja jambo hili kwa sababu laeleza kwa nini mafundi wetu wengi mpaka leo hudhani hataza ni kitu cha watu wa nje. Mlango ulifungwa kwa muda mrefu mno, hata watu wakazoea kupita mbali nao.

Hataza ni mapatano baina ya mvumbuzi na taifa. Mvumbuzi hufunua siri yake yote kwa maandishi na michoro, asifiche kitu. Taifa nalo humpa muda wa kuitumia peke yake. Kwa sheria yetu muda huo ni miaka 10, unaoweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5 kila mara, jumla 20. Kwa uvumbuzi mdogo usiofikia kipimo hicho kipo cheti cha miaka 7. Masharti ni matatu: kitu kiwe kipya duniani, kisiwe jambo ambalo fundi yeyote wa kawaida angelifikiria, na kiweze kutengenezwa au kutumika katika kazi. Aliyegundua mti au jiwe porini hapati hataza, wala mwenye kanuni ya hesabu, wala mwenye njia ya kuendesha biashara.

Mfano tunao karibu. Dakta Askwar Hilonga, mwana wa kijiji cha Gongali huko Karatu, mhadhiri katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, alibuni mchujio wa maji uitwao Nanofilter. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na fedha zake zilikuwa pauni 25,000. Mchujio huo umeunganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kitaalamu, zinazoweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali. Watu wa nyanda hizi, ambao meno ya watoto wao huwa ya kahawia kwa ajili ya floraidi iliyomo katika maji, hawahitaji kuelezwa maana ya kazi hiyo. Sasa angalia. Kuchuja maji kwa mchanga ni jambo la zamani. Hapana mtu duniani awezaye kulidai. Kinachoweza kudaiwa katika mchujio wa namna hiyo ni ule muungano mpya peke yake. Mvumbuzi hupewa haki juu ya hatua aliyoiongeza, si juu ya njia nzima waliyoipita wenzake kabla yake.

Lipo tahadhari kwa mafundi. Kitu kikishaonyeshwa hadharani, katika maonyesho ya Nane Nane au katika redio, upya wake huwa mashakani. Desturi salama ni kupeleka ombi kwanza, kisha kupiga ngoma. Ombi hupelekwa BRELA, au kwa Shirika la Mali za Ubunifu la Kanda ya Afrika, ARIPO, lililoko Harare, ambalo kwa itifaki ya mwaka 1982 laweza kutoa hataza moja inayofanya kazi katika nchi wanachama zilizotajwa na mwombaji, Tanzania ikiwa mojawapo.

Lakini kuna upande wa pili wa hataza ambao wenye viwanda vikubwa hawapendi kuutangaza, nasi twautangaza. Hataza nayo hukaa katika mipaka ya nchi. Mashine iliyopewa hataza Ujerumani au India, na ambayo mwenyewe hakuiombea ulinzi hapa, si marufuku kwa fundi wa Katesh kuitengeneza na kuiuza hapa hapa. Uvumbuzi mwingi wa dunia haukuombewa ulinzi Tanzania hata siku moja. Tena hati zake zote, pamoja na michoro na vipimo, ni za wazi kwa kila mtu, na siku hizi husomwa bure kwa simu. Mashine za kupukuchua mahindi, za kukamua alizeti, za kupepeta mbaazi, zote zimo humo. Na hataza yoyote ikifikisha mwisho wa muda wake huwa mali ya watu wote. SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, lingefanya jambo jema kama lingewakalisha mafundi wa wilayani na kuwasomea hati hizo kwa Kiswahili. Asijidanganye mtu, hata hivyo: kuiga mashine ni halali, kubandika jina la kiwanda cha yule mwingine juu yake si halali.

Wafanyakazi wana swali lao. Fundi aliyeajiriwa akibuni kitu kazini, ni cha nani? Uvumbuzi uliofanywa katika kutekeleza mkataba wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba uwe umesema vingine. Basi swali hulijibu kabla ya kutia sahihi, wala si baada ya mashine kuanza kuingiza fedha. Vyama vya wafanyakazi hujadiliana na waajiri juu ya mishahara, likizo na posho ya nyumba. Ni mara chache tumesikia kipengele cha uvumbuzi kikiwekwa mezani. Kiwekwe.

Kwa habari ya dawa za binadamu, suala la hataza limekuwa la uhai na mauti. Mwaka 1998 makampuni ya dawa yaliishitaki Serikali ya Afrika Kusini kwa sheria yake iliyotaka kurahisisha upatikanaji wa dawa za bei nafuu. Wagonjwa wa UKIMWI walikuwa wakifa kwa maelfu. Makampuni 39 yalikuwa katika kesi ile, na mwezi wa Aprili 2001, dunia nzima ikiwatazama, yaliiondoa. Nchi maskini kabisa, yetu ikiwamo, zimepewa na Shirika la Biashara la Dunia muda hadi mwaka 2033 kwa dawa, na hadi tarehe 1 Julai, 2034 kwa mambo mengine mengi, kabla ya kubanwa na mkataba wake wa haki za ubunifu. Haukuwa muda wa hisani. Ulipiganiwa.

Hakimiliki ni nyepesi kuipata na ngumu kuilinda. Huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Mtu akiisha kuandika shairi, kutunga wimbo, kuchora picha au kupiga picha, haki ni yake bila ombi wala ada. Sheria yetu ya mwaka 1999 hudumu naye maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Ofisi ya Hakimiliki, ambayo watu wamezoea kuiita COSOTA, huandikisha kazi, na uandikishaji huo ni ushahidi wa kufaa siku ya ubishi. Wimbo wa Malaika umeimbwa ulimwengu mzima. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kuhesabiwa mtunzi, wengine humtaja Adam Salim, na ubishi umewazidi umri wote wawili. Karatasi moja yenye tarehe ingetosha.

Katika Hanang ubishi wa namna hii uko makanisani. Kwaya hutunga, huchanga fedha, huenda studio, hurekodi. Mwenye studio hubaki na nakala ya asili, na miezi sita baadaye nyimbo ziko katika kila kibanda cha kuingizia muziki na katika kila basi la Singida. Nani alimpa ruhusa? Mara nyingi hapana aliyempa wala aliyemnyima, maana hapakuandikwa kitu. Sheria yataka uhamisho wa haki uwe kwa maandishi. Waimbaji wawaulize viongozi wao kama mkataba wa studio upo, na kama upo, unasema nini. Mchoraji wa lebo ya asali naye ni vivyo hivyo: aliyelipwa kuchora hakuuza haki yake ila kwa maandishi, na mwenye asali asiyejua hivyo aweza kukuta picha ile ile imeuzwa kwa jirani yake.

Hakimiliki hulinda kazi iliyofanywa, hailindi wazo wala mtindo. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na kwa hesabu ya sheria picha zake mwenyewe zimekuwa huru tangu mwisho wa mwaka 2022. Mtindo wake wa kuchora haukupata kufungwa hata alipokuwa hai, na ndiyo sababu wanafunzi wake na wanafunzi wao wameweza kula kwa huo, wakaunda ushirika wao mwaka 1990. Tusingetaka iwe vingine.

Lakini ngoma na hadithi za kale, ambazo hazina mtunzi mmoja? Nyimbo za Wabarabaig, mapambo ya shanga juu ya vazi la ngozi la mama, masimulizi ya Wairaqw? Sheria ile ile ya mwaka 1999 imeweka sehemu inayohusu sanaa za jadi. Anayetaka kuzitumia kwa biashara nje ya mazingira yake ya asili yampasa kuomba idhini, na mamlaka iliyotajwa ni Baraza la Sanaa la Taifa. Tungependa kujua ni wapiga filamu wangapi waliofika kupiga picha katika bonde la Eyasi na chini ya mlima huu wakiwa na idhini hiyo mkononi. Tunadhani hesabu haitachosha vidole.

Mkulima naye ana sheria yake. Sheria ya Haki za Wagunduzi wa Aina Mpya za Mbegu ya mwaka 2012, iliyoiingiza Tanzania katika umoja wa kimataifa uitwao UPOV mwezi wa Novemba 2015, humpa aliyezalisha aina mpya miaka 20, na 25 kwa miti na mizabibu. Zilipitishwa fitina vijijini kwamba sasa kuweka mbegu ghalani ni jinai. Si kweli kwa mbegu zetu za asili, sheria haizigusi. Kwa aina iliyosajiliwa, makatazo makubwa ni ya kuzalisha na kuuza mbegu hiyo bila ruhusa. Hata hivyo twaona kwamba mpaka baina ya mkulima kumpa jirani debe la mbegu na mkulima kuuza debe la mbegu haukuchorwa kwa kalamu iliyojua maisha ya kijijini, ambapo msaada na biashara hulala nyumba moja.

Na zaidi ya hayo yote kuna bidhaa bandia. Mfuko wa mbegu ulioshonwa upya, dawa ya mimea iliyotiwa maji, jembe lenye chapa ya kiwanda kisichopata kulitengeneza. Hapa sheria ni ya zamani, ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, nayo husimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo wakaguzi wake wana mamlaka ya kukamata na kuteketeza. Mbegu zina Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu, TOSCI. Aliyenunua saa bandia amepoteza shilingi zake tu. Aliyepanda mbegu bandia amepoteza mvua ya mwaka, na hapana mahakama iwezayo kuirudisha mvua. Atunze risiti na mfuko wenyewe, usitupwe shambani, kwa maana humo ndimo ushahidi ulimo.

Sheria hizi zote tulizozitaja zilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilipitisha kwamba lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, na kazi ya kutafsiri ikaanza. Ombi letu ni kwamba sheria za alama, hataza na hakimiliki zisiwekwe mwisho wa foleni kwa kudhaniwa kuwa ni za wakubwa. Mwenye kiwanda kikubwa hakuwahi kuzuiwa na Kiingereza.

Kwa vikundi vya Jorodom na vya jirani vinavyojiandaa kupaki asali, mafuta na unga msimu huu, neno moja la mwisho la kazi. Ombi la alama huandikwa kwa jina la mwenyewe, na mwenyewe awe kikundi kilichosajiliwa au chama cha ushirika. Mara nyingi, kwa haraka au kwa kukosa ada ya kusajili kikundi, fomu hujazwa kwa jina la mwenyekiti kwa kuwa ndiye mwenye namba ya kitambulisho cha taifa karibu. Siku mwenyekiti huyo akihama, alama huhama naye. Akifariki, huingia katika mirathi pamoja na shamba lake na ng'ombe zake, na wanachama waliobaki huwa wageni katika jina walilolijenga.